Kanuni za Kupandikiza Figo Si Kazi ya Mawakili Pekee

Nikiwa daktari wa figo nchini Kenya, naona wenzangu wengi wakiisoma sheria pale tu fomu mpya inapofika kliniki. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inadai ridhaa ya maandishi kabla mtu aliye hai hajatolewa kiungo, na inaharamisha biashara ya viungo. Lakini mtoaji ahojiwe na nani, kwa lugha gani, na nani akiwa chumbani, hayo ni ya kanuni, na kanuni huandikwa wizarani. Anayesubiri mjadala wa Bunge huwa amechelewa.

Njia ya kuingilia ipo. Sheria ya mwaka 2013 inayoongoza utungaji wa kanuni inamtaka mtungaji ashauriane na watakaoguswa nazo, kisha zikishachapishwa zipelekwe Bungeni ndani ya siku 7 za vikao. Maoni yenye uzito, hasa yakipitia chama cha wataalamu, ni yale yanayotaja kifungu, kasoro yake na maneno mbadala.

Chukua ridhaa. Kijana huja kumtolea mjomba figo. Mjomba ndiye aliyelipa nauli na vipimo, na kijana akiulizwa kama ameridhia, mjomba hujibu. Sahihi itapatikana, lakini ridhaa ina shaka. Kuandika kwamba “watoaji walindwe” hakumsaidii mtunga kanuni. Mwandikie hivi: “Mtoaji atahojiwa peke yake, kwa lugha anayoimudu, na mtaalamu asiyemhudumia mpokeaji, mkalimani hatakuwa jamaa wa upande wowote.” Muuguzi anayeandaa faili anaweza kuyaandika hayo vizuri kuliko profesa.

Azimio la Istanbul la mwaka 2008, tamko la kimataifa la wataalamu dhidi ya biashara ya viungo, lililoboreshwa mwaka 2018, litaipa hoja hiyo nguvu. Taja pia maslahi yako: kama hospitali yako hulipwa kwa kila upandikizaji, sema mapema, kabla hujaulizwa. Taarifa za wagonjwa ziondolewe chochote kinachowatambulisha.

Mwaka 2025, kufuatia ripoti za wanahabari kuhusu upandikizaji wa figo Eldoret, wizara iliunda kamati huru iliyoongozwa na Profesa Elizabeth Bukusi. Kamati za namna hiyo nazo ni mahali pa kupeleka ushahidi, ingawa huundwa madhara yakishadaiwa.

Mimi ningeanza na ufuatiliaji wa mtoaji. Anahitaji kupimwa shinikizo la damu, kreatinini (taka ya damu inayoonyesha figo inavyofanya kazi) na protini ya mkojo kila mwaka, na kanuni itamke wazi gharama hiyo ni ya nani.