Je, mbwa mwitu ndio wanaomaliza ng'ombe Marekani?

Wafugaji wengi wa Montana, Idaho na Wyoming huamini kwamba ng'ombe akikutwa ameliwa na mbwa mwitu (wale wa Kiingereza "wolf", si mbwa mwitu wa Afrika), basi ndio waliomuua, na kwamba tangu walipoletwa kutoka Kanada na kuachiwa katika hifadhi ya taifa ya Yellowstone mwaka 1995 na 1996, ndio wanaoongoza kwa kumaliza mifugo. Ni rahisi kuona hivyo: asubuhi unakuta ndama kaliwa nusu, nyayo zimemzunguka.

Lakini mbwa mwitu hula mizoga pia. Ng'ombe wengi zaidi hufa kwa homa ya mapafu, kukwama wakati wa kuzaa na baridi kali. Ushahidi uko chini ya ngozi. Mzoga ukichunwa mapema, kabla haujaoza, mnyama aliyeshambuliwa akiwa hai huonyesha damu iliyovilia kuzunguka matobo ya meno. Aliyeliwa akiwa ameshakufa ana matobo hayohayo, ila nyama ya pembeni haina uvilio. Kipimo hiki kinafaa hata kwa fisi huku kwetu. Ili ushahidi usiharibike, funika mzoga kwa turubai na usikanyage nyayo.

Ukisoma takwimu za ng'ombe wanaodaiwa kuuawa na mbwa mwitu, uliza kama vifo hivyo vimethibitishwa, kisha vilinganishe na vifo vyote vya ng'ombe.

Hata hivyo, hasara haigawanyiki sawa. Mfugaji jirani na pango la mbwa mwitu anaweza kupoteza ndama kadhaa msimu mmoja, na mizoga mingine haionekani kabisa msituni. Wastani wa jimbo zima haumfidii mfugaji huyo chochote, na malalamiko yake ni ya haki.