Kushuhudia ni kazi ya shahidi, si ya wakili

Mwezi uliopita, baada ya ibada ya katikati ya juma, mama mmoja anayeuza vitumbua karibu na kanisa alinisubiri mlangoni. "Mchungaji," akasema, "kila Jumapili tunaambiwa tukashuhudie. Mimi niliishia darasa la nne. Jirani akinibana kwa maswali nitamjibu nini?"

Nafundisha Agano Jipya chuoni, na woga huo nausikia hata kwa wanafunzi wanaokaribia kuhitimu. Nadhani unatokana na kudhani kwamba Yesu alituita tuwe mawakili wake. Matendo 1:8 inasema, "nanyi mtakuwa mashahidi wangu." Neno la Kigiriki pale ni *martys*, na lilitumika mahakamani. Shahidi haitwi kwa sababu anajua sheria. Anaitwa kwa sababu alikuwepo. Kupanga hoja ni kazi ya wakili, kuamua ni ya hakimu. Yule aliyezaliwa kipofu, katika Yohana 9, alihojiwa na Mafarisayo waliomzidi elimu, akawaambia, "najua neno moja, kwamba mimi nalikuwa kipofu, na sasa naona." Walimtoa nje, lakini neno lake hawakuweza kulipangua.

Habari ninayoipenda kuliko zote ni ya Marko 5, ng'ambo ya ziwa la Galilaya, katika nchi ya Wagerasi, Yesu alipomponya mtu mwenye pepo. Isome polepole ukifuatilia kitenzi kimoja, *kusihi*. Pepo wanamsihi Yesu wawaingie nguruwe; anawaruhusu. Wenyeji wanamsihi aondoke mipakani mwao, anaondoka. Kisha yule aliyeponywa, Yesu akiwa anapanda chomboni, anamsihi afuatane naye. Huyo ndiye anayekataliwa! Anaambiwa, "Enenda zako nyumbani kwako, kwa watu wa kwenu," akawaeleze mambo makuu aliyotendewa na Bwana. Jana yake alikuwa anakaa makaburini, anajikata kwa mawe, minyororo haimshiki. Hajahudhuria somo hata moja. Anatumwa kwa watu waliomjua kwa makovu yake, maana wao ndio wangeona tofauti. Na alikwenda, akaanza kuhubiri katika Dekapoli yote, yaani eneo la ile miji kumi. Yesu aliporudi pande hizo, Marko 7, watu walimletea kiziwi amwekee mkono. Marko hasemi nani aliwaandaa watu wale, ila mimi kila nikifika hapo namkumbuka mtu wa makaburini.

Halafu kuna Agizo Kuu, Mathayo 28:19, "Basi, enendeni, mkawafanye mataifa yote kuwa wanafunzi." Wapo wanaosema kwamba kwa Kigiriki "enendeni" si amri, kwa hiyo maana yake ni "mkiwa katika safari zenu." Sikubaliani nao. Muundo huohuo, wa "kwenda" kutangulia amri na kubeba nguvu yake, Mathayo aliutumia katika 2:8, Herode alipowatuma mamajusi Bethlehemu, na hakuna anayedhani Herode alikuwa anawaambia waulize habari za mtoto wakipata nafasi. Kiswahili chetu kimeushika vizuri kwa ile *-ka-*: nendeni, *mkawafanye*. Ila kinachonigusa zaidi ni mstari wa 17, ambao mahubiri mengi huuruka. Wanafunzi walipomwona Yesu aliyefufuka walimsujudia, "lakini baadhi yao waliona shaka." Agizo lilitolewa mbele ya wenye shaka, na hakuna aliyeambiwa akae pembeni mpaka imani yake ikomae.

Tena, Injili ilipotoka Yerusalemu haikutolewa na mitume. Matendo 8 inasema wazi kwamba baada ya Stefano kuuawa walitawanyika wote isipokuwa mitume, na waliotawanyika ndio waliokwenda huko na huko wakilihubiri neno. Waliofika Antiokia na kuwaeleza Wayunani hatujui hata majina yao. Luka anatuambia tu kwamba walikuwa watu wa Kipro na Kirene. Kazi yao ndiyo iliyozaa kanisa ambamo wanafunzi waliitwa Wakristo kwa mara ya kwanza.

Na jirani akiuliza kweli? Petro aliwaandikia waumini waliokuwa wakisingiziwa mabaya, akawataka wawe tayari siku zote kumjibu kila mtu awaulizaye habari za tumaini lililo ndani yao, "lakini kwa upole na kwa hofu" (1 Petro 3:15). Anayesema habari za "kuulizwa" anatazamia maisha yanayomfanya jirani aulize. Sisi tunaoishi ukuta kwa ukuta na Waislamu, tunaoalikana harusini na kuzikana, tuushike mstari huu mpaka mwisho wake. Anayetukana dini ya jirani ili amlete kwa Kristo amesoma nusu ya mstari.

Yule mama sikumweleza yote haya. Nilimuuliza tu, "Mama, Bwana amekutendea nini?" Akatua ndoo yake ya vitumbua, akakaa kwenye ngazi, akaanza na mwaka aliofiwa na mumewe, watoto wakiwa bado wadogo. Alisimulia mpaka mlinzi akaja kufunga geti.