Mwembe haupogolewi Julai

"Bwana shamba, baridi imeingia, njoo unipogolee miembe." Simu hii naipokea kila Julai, na wiki iliyopita nimeipokea mara tatu, kutoka Goba, Bunju na Kigamboni. Ukiuliza kwa nini sasa, jibu ni lilelile: nimeona kwenye video, miti hupogolewa wakati wa baridi.

Video hizo nyingi ni za Ulaya, na mti wenyewe ni mtufaha, huu wa matunda ya dukani, si mtofaa wetu wa pwani. Mtufaha hupukutisha majani yote ukalala, na mwisho wa baridi, kabla macho hayajafumka, ndipo hukatwa. Baridi ya kule hugandisha maji. Yetu ya Dar es Salaam ni nyuzi 19 au 20 alfajiri, na mwembe haupukutishi majani yake ukalala. Ubaridi huo mdogo, pamoja na ukavu unaofuata masika, ndio unaousukuma kutoa maua, tena kwenye ncha za matawi yaliyokomaa. Ukipitisha mkasi Julai, unazitupa jalalani embe zako za Desemba. Mama mmoja wa Mbezi alinyolewa dodo lake namna hiyo. Lilirudisha majani, likapendeza kweli, na msimu ule hakuonja hata embe moja. Iliniuma, kwa sababu mti ule ulikuwa mzima kabisa.

Pogoa mara tu baada ya kuvuna, yaani mwisho wa Januari au Februari kwa dodo na bolibo nyingi za hapa mjini. Masika ikianza Machi, mti unachipua. Chipukizi zinapata Aprili, Mei na Juni za kukomaa, majani yanakuwa magumu na ya kijani kilichokolea, na baridi inapofika ziko tayari kubeba maua. Ukingoja Mei, baridi itazikuta bado laini, zina rangi ya shaba, nazo zitakupa majani tu. Kukata katikati ya mvua nako sikushauri: vidonda vinakaa na maji na chule, ugonjwa wa kuvu, inashamiri.

Wengine huniuliza kama mti wao usiozaa ni mwembe dume. Hakuna mwembe dume. Huo ni mpapai. Mwembe hubeba maua dume na yenye jinsia mbili kwenye kishada kimoja. Kama umepanda mbegu, subiri miaka 5 hadi 8 ndipo uzae. Mche uliobebeshwa, yaani uliounganishwa na kikonyo cha mti mwingine, huanza kuzaa mwaka wa 3 au wa 4. Kupigilia misumari kwenye shina ili mti uzae ni kuufungulia kuvu mlango. Oili chafu kwenye kidonda, acha kabisa. Mti huziba wenyewe ukikatwa vizuri, kwa msumeno mkali, nje kidogo ya ule uvimbe tawi linapoungana na shina. Panga libaki jikoni, maana linachana gamba. Usizidishe theluthi ya matawi kwa mwaka, na anza na yale ya katikati yanayosuguana, jua lifike ndani. Hilo la jua nitalirudia kwa kila mteja mpaka nizeeke.

Ukinipigia Julai nitakuja, ila kukagua ubwiri unga, ugonjwa wa kuvu nyeupe kama unga, kwenye maua na kuondoa matawi yaliyokauka. Mengine tutayakata Februari.