Je, wajua kwa nini baadhi ya shule za kanisa la Urusi zilianza na Kitatari badala ya Kirusi?

Wengi huamini kwamba shule ya kanisa katika Urusi ya matsar ilikuwa mahali pa Kirusi peke yake: mtoto wa kijijini aliingia darasani, akakaririshwa sala kwa Kirusi au kwa Kislavoni cha kanisani, na lugha ya mama yake ikabaki nje ya mlango. Imani hiyo ina chanzo. Mwaka 1863 waziri wa mambo ya ndani, Pyotr Valuev, alitoa waraka wa kuzuia vitabu vya dini na vya elimu ya msingi kuchapishwa kwa Kiukraini, na huko Poland, baada ya maasi yaliyoanza mwaka huohuo, Kirusi kilisukumwa hatua kwa hatua hadi kikawa lugha ya kufundishia. Hata shule za parokia zilizoenea baada ya kanuni za 1884, chini ya Konstantin Pobedonostsev aliyesimamia Sinodi Takatifu, baraza kuu la kanisa la Urusi, kwa niaba ya Tsar, kwa kawaida zilifundisha dini, uimbaji wa kanisani, kusoma Kislavoni na Kirusi, kuandika na hesabu.

Hata hivyo, mwaka 1864, ambapo waraka wa Valuev ulikuwa bado mpya, ilifunguliwa mjini Kazan, kwenye mto Volga, shule ya Wakryashen, yaani Watatari waliobatizwa kutoka jamii ambayo wengi wake ni Waislamu, ambamo masomo yalianza kwa Kitatari, na mwalimu wake, Vasily Timofeev, alikuwa Mkryashen mwenyewe. Dola ileile iliyoogopa kitabu cha Kiukraini ilikubali, na baadaye ikagharimia, kitabu cha Kitatari.

Aliyeibuni njia hiyo ni Nikolai Ilminsky, msomi wa chuo cha kanisa cha Kazan aliyejua Kiarabu na aliyewahi kusoma Cairo. Mwanzoni alitafsiri maandiko ya dini kwa Kitatari cha kitabuni, kwa herufi za Kiarabu, akagundua kwamba wanakijiji hawakielewi. Ndipo akachukua lugha ya nyumbani kama inavyosemwa, akaiandika kwa herufi za Kirusi, na kwa sauti ambazo Kirusi hakina akaweka nukta mbili juu ya a, o na u.

Uamuzi huo wa herufi ndio kiini cha jambo. Anayejifunza kuendesha baiskeli kwenye njia ya kwao, ambayo kila shimo lake analijua, huhangaika na baiskeli tu; akishaimudu, njia ngeni itamtaka ajifunze njia, basi. Mtoto wa Kikryashen naye alijifunza kwanza kusoma, kwa maneno aliyokwisha kuyajua, na alipofika kwenye Kirusi alizikuta herufi zilezile, hivyo kilichobaki kipya ni lugha yenyewe. Angeanza na Kirusi, angebebeshwa mizigo miwili kwa wakati mmoja, na mara nyingi angetoka shuleni akiwa anatamka kurasa nzima bila kujua zinasema nini.

Wala lengo halikuwa kuzilinda lugha hizo kwa ajili yake zenyewe. Mwaka 1866 Wakryashen wengi walitangaza wazi kurudi katika Uislamu, na Ilminsky alishikilia kwamba imani iliyofundishwa kwa lugha ya kigeni haifiki moyoni. Hoja hiyo ikapata nguvu: mwaka 1867 ukaundwa Udugu wa Mtakatifu Gurii, chama cha kanisa kilichogharimia shule za vijijini, na mwaka 1870 serikali ikaipitisha njia hiyo kwa kanuni rasmi, ingawa wapinzani walilalamika kwamba inazipa jamii ndogo sababu ya kujitenga. Mafanikio yake kidini yasikuzwe kupita kiasi, kwa kuwa baada ya amri ya uvumilivu wa dini ya 1905 maelfu ya Watatari waliobatizwa walirudi rasmi katika Uislamu.

Upande wa kusoma na kuandika, matunda yalidumu zaidi. Ivan Yakovlev, mtu wa Wachuvashi, jamii nyingine ya eneo la Volga, aliyeanzisha shule ya Wachuvashi katika mji wa Simbirsk mwaka 1868, alisaidiwa na mkaguzi wa shule Ilya Ulyanov, baba yake Lenin, kiongozi wa mapinduzi ya Urusi ya 1917, na miaka michache baadaye akaipa lugha yake alfabeti kwa kufuata njia ya Ilminsky. Mwaka 1918, Yakovlev alipokuwa hatarini kupoteza kazi, Lenin mwenyewe alipeleka simu ya maandishi kumtetea. Kichuvashi cha leo bado kinaandikwa kwa alfabeti iliyotokana na kazi yake.