Kiti cha magurudumu ndani ya gari dogo: dhana na ukweli

"Kikishaingia kwenye buti, kazi imekwisha."

Bado. Kiti cha kawaida cha chuma kina kilo 15 hadi 20, na gari likigonga, kiti kisichofungwa huendelea na mwendo uleule liliokuwa nao gari. Majaribio ya ajali ya viti hivi hufanywa kwa kilomita 48 kwa saa, na nguvu yake hufika takriban mara 20 ya uzito: kiti cha kilo 15 huja na nguvu ya kilo 300. Kwenye buti, kilaze kikigusa mgongo wa siti ya nyuma, ukifunge kwa mkanda wa mizigo. Kikipakiwa kwenye siti, mkanda upite ndani ya fremu, si kwenye spoki. Magurudumu yaliyochomolewa nayo yafungwe. Hayo ndiyo husahauliwa.

"Kukipakia ni kazi ya mwenye misuli."

Ni kazi ya mpangilio. Kwanza toa mto, vikanyagio na mikono ya kiti inayochomoka. Kiti cha kukunja, shika kitambaa cha kukalia katikati, mbele na nyuma, uvute juu. Ukikibana kutoka ubavuni utajibana vidole. Kama magurudumu makubwa ni ya kuchomoa, bonyeza kitufe cha katikati ya ekseli na uvute. Sasa inua kwa kushika fremu, karibu na mwili, uegemeze kwenye ukingo wa buti kisha usukume ndani. Kukiinua kwa kushika mikono ya kiti ndilo kosa la kila siku: mikono hiyo inachomoka na kubaki kwako, kiti kinaangukia mguu.

Kurudisha gurudumu kunataka umakini zaidi. Kitufe kirudi nje chenyewe, kisha livute gurudumu bila kukibonyeza. Likitoka, ekseli haikushika, na aghalabu chanzo ni mchanga au nywele kwenye tundu. Futa kwa kitambaa kikavu. Grisi nzito hukusanya vumbi zaidi.

"Buti likiwa kubwa, kiti chochote kinaingia."

Pima mlango wa buti, si sakafu yake. Gurudumu la inchi 24 lina kama sentimita 61, na wembamba wa mlango ndio hukwamisha.

"Mwenye kiti anaweza kusafiri amekikalia, mradi breki zimefungwa."

Hili ni la hatari kuliko yote. Breki hizo hubana tairi tu, na tairi ikipungua upepo hata hilo halifanyiki vizuri. Anayeweza kuhamia kwenye siti ya gari ahamie. Asiyeweza anahitaji gari lililoandaliwa na kiti kilichotengenezwa kuhimili safari: kielekee mbele, kifungwe kwa mikanda minne kwenye sehemu za fremu zilizotiwa alama ya ndoano, miwili mbele na miwili nyuma. Kisha yeye mwenyewe afungwe mkanda wake wa nyonga na bega, ukipita chini ya mikono ya kiti na kugusa mwili. Mkanda mdogo uliokuja na kiti humsaidia kukaa wima tu. Hauzuii mtu kwenye ajali.

"Mto ukibaki garini juani hauharibiki."

Huenda usiharibike, lakini mto wa jeli hupata moto, na wa hewa hutanuka ukawa mgumu. Asiye na hisia kwenye ngozi ataungua bila kujua, kwa mto au kwa chuma cha fremu. Gusa vyote kwa mkono kabla hajakaa, na upime upya upepo wa mto ukishapoa.