Je, wajua kwa nini wahadhiri wengi hujaribu mbinu shirikishi kisha wakaziacha?

Semina imekwisha, vyeti vimegawiwa, picha ya pamoja imepigwa. Mhadhiri anarudi idarani akiwa na nia njema kabisa: muhula huu kutakuwa na maswali, mijadala na kazi za vikundi. Pita ukumbini kwake wiki chache baadaye. Utamkuta mbele ya projekta, slaidi zinapita moja baada ya nyingine, na darasa zima limeinama linanakili.

Jibu la haraka ni kwamba wahadhiri ni wavivu au hawakuelewa mafunzo. Utafiti unasema vingine. Mwaka 2012 Charles Henderson na Melissa Dancy, pamoja na mwenzao mmoja, walichapisha matokeo ya kuwahoji wahadhiri 722 wa fizikia nchini Marekani. Wengi wao walizifahamu mbinu hizi, na wengi walikuwa wamekwisha kuzijaribu. Lakini takriban theluthi moja ya waliojaribu waliziacha. Kwa hiyo semina nyingi zinamfundisha mtu jambo ambalo tayari analijua.

Wala si kwamba mbinu zenyewe hazina tija. Mwaka 2014 Scott Freeman na wenzake walikusanya tafiti 225 kuhusu masomo ya sayansi, uhandisi na hisabati vyuoni. Kwenye madarasa ya mihadhara mitupu, wastani wa waliofeli ulikuwa asilimia 33.8, kwenye madarasa shirikishi, asilimia 21.8. Kwa anayejua machungu ya kurudi chuoni kufanya sapu wakati wenzake wako likizo, tofauti hiyo si ndogo.

Tazama jinsi mambo yanavyokwenda darasani. Eric Mazur, profesa wa fizikia wa Harvard, aligundua kwamba wanafunzi wake walikuwa wakikokotoa hesabu ngumu vizuri tu, lakini wakikwama kwenye maswali mepesi ya dhana. Tangu mwaka 1991 akabadilisha mtindo. Anafundisha kidogo, kisha anatupa swali. Tuseme hili: lori lililosheheni mzigo na bajaji vimegongana uso kwa uso, je, kipi kimemsukuma mwenzake kwa kani kubwa zaidi? Kila mwanafunzi anafikiri peke yake, kimya, halafu anapiga kura. Waliopata jibu sahihi wakiwa kati ya asilimia 30 na 70, mwalimu hatoi jibu. Anasema: geukia jirani yako, mshawishi. Ukumbi unalipuka kwa kelele. Baada ya dakika mbili tatu kura inapigwa upya, na mara nyingi waliopata huwa wameongezeka. (Kani ni sawa pande zote mbili, bajaji inaumia zaidi kwa sababu tungamo lake ni dogo.) Haihitaji vifaa vya gharama. Vidole vilivyowekwa kifuani, kimoja kwa A, viwili kwa B, vinatosha hata kwenye ukumbi wenye viti vilivyofungwa sakafuni.

Sasa kwa nini mtu aiache mbinu kama hiyo? Sababu zinazotajwa sana zinafahamika: darasa la watu mia nne, kozi ndefu kuliko muhula, na kupanda cheo kunakotegemea machapisho zaidi ya ufundishaji. Zote ni za kweli. Mimi naona iliyo nzito kuliko zote ni nyingine, na ilipimwa Harvard, matokeo yakachapishwa mwaka 2019. Louis Deslauriers na wenzake waligawa wanafunzi wa fizikia makundi mawili: moja lilisikiliza mhadhara uliotolewa kwa ufasaha, lingine lilikaa kufumbua maswali. Kundi la pili lilijifunza zaidi, lakini lenyewe likahisi limejifunza kidogo.

Ukilifikiria, si ajabu. Mhadhara mzuri unateleza. Unatoka ukiamini umeelewa kila kitu. Kufikiri kunachosha, na uchovu ule mwanafunzi huuchukulia kuwa ni kutoelewa. Manung'uniko yanaanza: huyu hafundishi, sisi tumekuja kupewa madesa, anatuachia kazi yake. Yanafika kwenye fomu za tathmini, na mhadhiri anayezisoma akiwa peke yake ofisini anahitimisha kwamba ameharibu. Anarudi kwenye slaidi.

Hapo neno kuu ni "peke yake". Carl Wieman, mshindi wa Nobel ya fizikia ya mwaka 2001, alipoanzisha mradi wa kubadili ufundishaji wa sayansi katika Chuo Kikuu cha British Columbia, Kanada, mwaka 2007, hakutegemea semina. Idara ziliajiri wataalamu wenye uzamivu katika somo lilelile, waliofundwa pia namna watu wanavyojifunza, wakakaa na mhadhiri bega kwa bega: kuandika naye maswali, kuketi nyuma ya darasa, kumwonyesha kilichokwenda sawa. Mwanafizikia humsikiliza mwanafizikia mwenzake kuliko mgeni kutoka kitivo cha elimu, hata kama mgeni yule yuko sahihi.

Huku kwetu, mradi wa TESCEA, wa kuboresha ufundishaji vyuoni Afrika Mashariki, ulioanza mwaka 2018 ulifuata njia inayokaribiana na hiyo katika vyuo vikuu vya Mzumbe, Dodoma, Gulu na Uganda Martyrs. Wahadhiri walizisuka upya kozi walizokuwa wakifundisha, kisha baadhi yao wakaandaliwa kuwaongoza wenzao chuoni.

Na manung'uniko je? Deslauriers na wenzake wanapendekeza yazuiwe mapema: mwanzoni kabisa mwa muhula mhadhiri awaeleze wanafunzi kwamba watachoka, awaonyeshe matokeo ya tafiti, na awape jaribio fupi la mapema ili wajipime wenyewe. Kisha aanze na swali moja kwa kila kipindi. Anayebadili kozi nzima kwa mkupuo mmoja, mara nyingi, ndiye anayeonekana na slaidi zake za zamani kabla ya mitihani ya kati.