Menyu ya wilaya ikijichuja haimaanishi fomu imelindwa

Wengi tunaotengeneza fomu za mtandaoni hapa Tanga tunaamini hivi, ukishaunganisha menyu mbili, yaani mtu akichagua mkoa ndo zinatokea wilaya zake tu, basi data ya uongo haiwezi kuingia tena. Na ni rahisi kuamini maana kwenye skrini unaona kabisa, ukichagua Tanga zinakuja Muheza, Pangani, Lushoto, Korogwe na zingine, Bagamoyo huioni kwa sababu iko Pwani.

Ila kinachochuja pale ni javaskripti, yaani programu ndogo ya ukurasa inayofanya kazi ndani ya brauza ya mtumiaji, na brauza ni ya kwake, anaweza kuchezea ukurasa anavyotaka. Seva, yaani kompyuta inayopokea na kuhifadhi fomu, inapokea maneno mawili tu, mkoa na wilaya, haijui kama yametoka kwenye menyu au mtu kayaandika mwenyewe.

Jaribu kwenye fomu yako mwenyewe ya majaribio. Kwenye kompyuta chagua mkoa wa Tanga, bonyeza F12 uone kodi (code) ya ukurasa, tafuta mstari wenye value="Pangani", badilisha iwe Bagamoyo, chagua hiyo kwenye menyu (bado itaonekana Pangani) halafu tuma. Ikihifadhiwa "Tanga, Bagamoyo" ujue seva haikagui, na dawa yake ni seva yenyewe kulinganisha mkoa na wilaya na orodha yake kabla ya kuhifadhi, mistari michache tu ya kodi (code) jamani, msiiache.

Menyu zenyewe ziacheni, zinampunguzia mtu makosa ya kuandika. Ila akibadilisha mkoa hakikisha wilaya ya mwanzo inafutika, hili nalo linasahaulika sana.